Kikapu cha Mbegu Kilichozunguka Mlima

Wamama wa mfereji wetu,

Mmeniuliza mferejini, mmeniuliza kwenye kituo cha maziwa, na Jumapili mchungaji hajamaliza hata baraka Mama Penieli akanivuta kitenge: "Bibi Ndeshi, eti ni kweli ulikula mbegu?" Nimechoka kusimulia vipande vipande. Kila mmoja anaondoka na kipande chake, anakitia chumvi njiani. Juzi nimesikia kwamba nilikamatwa na polisi. Sikukamatwa. Naandika mara moja, mtasomeana, na atakayeuliza tena nitajua hana masikio. Shule niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu mwalimu aliusifu, na yule mwalimu hakuwa mtu wa kusifu hata mvua.

Sababu ya safari mnaijua. Nembris, binti yangu wa mwisho, ameolewa upande wa pili wa mlima, Oldonyo Sambu, kwa Waarusha. Mlima ni huu huu mmoja. Sisi unatuangalia kwa uso, wao umewapa mgongo. Mawingu yakifika kwetu yanatua mzigo wote, yakivuka kule yanabaki ya mapambo. Mvua zilizopita ziliwaruka, wakala akiba, wakamaliza akiba, wakala na maharage ya mbegu. Halafu siku moja Nembris akapiga simu, anapumua kama aliyekimbia: "Mama, imenyesha! Udongo umeloa mpaka kwenye kiwiko. Mahindi ya mbegu ninayo kidogo, nimeyaficha juu ya moshi. Lakini maharage sina hata punje."

Kule mvua haikai. Inapita haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Mbegu isipoingia ardhini wakati udongo bado mweusi, basi, watoto wa Nembris wangerudi kuchungulia gari la msaada barabarani, na gari la msaada lina tabia ya kwenda kwingine.

Mimi maharage nilikuwa nayo. Yale yetu yanayotambaa, yenye madoa mekundu, ambayo mama mkwe alinikabidhi siku ya kwanza nilipoingia jikoni kwake, kabla hata hajanionyesha pa kulala. Ya kwangu nilikuwa nimeshapanda. Yaliyobaki kwenye kibuyu nikayatoa, nikapepeta majivu, nikayafuta kwa kitambaa mpaka yakang'aa, kwa sababu kwa wakwe hupeleki kitu chenye majivu. Nikayatia kwenye kikapu kizuri, nikafunga jani la sale kwenye mpini.

Hili la jani ninyi mnalijua, lakini nawaandikia wajukuu zenu ambao sale kwao ni ua la kuzuia kuku. Kikapu chenye jani la sale lililofungwa fundo ni kikapu cha mbegu. Hakifunguliwi wala hakipikwi, hata nyumba iwe na njaa. Ukikifikisha kwa watu unakipeleka jikoni kwa wanawake, unakitua, unanyamaza. Kusema kwa mdomo "msiguse" ni tusi. Ni kumwambia mwenyeji kwamba umemjua ni mwizi.

Shikeni hapo. Nitarudi.

Kushuka Usa

Mjukuu wangu Eliya, mnayemjua kwa viatu vyake vilivyochongoka, ana kazi mjini kwenye mradi wa usalama wa chakula. Mimi nilidhani ni mlinzi wa ghala. Kumbe wanakaa hotelini wanazungumza. Akasema, "Bibi, njia yako ni hiyo hiyo. Pita kwenye semina yetu, wanahitajika wakulima. Ukae, ule, useme neno moja, mimi nitakutafutia gari la Oldonyo Sambu." Nilikubali kwa sababu ya gari. Sasa najua gari la bure linavyolipwa.

Nilitoka asubuhi. Hatujashuka hata robo ya mlima, gari likasimama. Mbele yetu Canter ya nyanya kutoka Ngarenanyuki imelala ubavu kwenye tope, njia yote imezibwa, nyanya zimetambaa mpaka mtaroni. Dereva wake amekaa juu ya kreti anakula nyanya bila hamu, kama anayekula dawa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona umewalaza watoto barabarani?"

"Chukua bibi, chukueni wote. Sokoni zimejaa mpaka watu wanazikanyaga. Nikifika nazo zinaoza, nikirudi nazo zinaoza. Hapa angalau zimeozea kwenye hewa safi."

Basi tukala. Chumvi haikosi kwenye fundo la kitenge changu, nikagawa. Abiria mmoja, baba wa heshima mwenye tai, alikula mpaka tai ikawa na mbegu. Tukakaa pale hadi jua likageuka, wanaume wanasukuma, wanawake tunawaelekeza, gari halisikii upande wowote. Mimi nilikuwa naangalia mlima. Upande huu watu wanakula nyanya kwa kuzihurumia, na nyuma ya jiwe lile lile mwanangu anahesabu vijiko vya unga. Na mtu akikuuliza kwa nini nyanya zisizunguke mlima, utamjibu nini? Hazina miguu. Na wenye miguu wamekwama kwenye tope.

Usa

Nililala Usa, mji mdogo chini ya mlima, kwa Ruthi, binti wa marehemu kaka yangu, anayefanya kazi kwenye shamba la maua. Aliniletea waridi zilizokataliwa, za shina fupi, akazitia kwenye kopo mezani.

"Shangazi, haya yanakwenda Ulaya kwa ndege."

"Yanaliwa?"

"Hayaliwi."

"Yanatibu?"

"Hayatibu. Wanapeana tu."

"Wakishapeana?"

"Wanayaweka kwenye maji mpaka yanyauke. Halafu wanayatupa."

Nikayatazama. Yanakaa kwenye nyumba ya nailoni, yananyweshwa kwa mrija tone kwa tone, yana mtu wa kuyapima joto. Sisi maji ya mfereji kwa zamu, na mnajua Mama Penieli na mimi tulivyotaka kutiana majembe ya kichwa kwa ajili ya zamu. Waridi halina zamu. Ruthi akanisimulia pia wale jirani zao wa maharage machanga: harage likipinda kidogo halisafiri, linarudi kwa mbuzi. Nikasema, kumbe kuna mahali harage linatakiwa lisimame wima kama askari ndiyo liliwe.

Ruthi hakucheka. Akaniambia, "Shangazi, waridi ndilo limewasomesha wanangu wote." Nikaendelea na ugali. Unga ule haukulimwa Usa. Ulinunuliwa kwa waridi. Kuna mambo ukiyatukana mdomo ukiwa umejaa, unajipaka mwenyewe.

Tengeru

Kesho yake ilikuwa siku ya soko Tengeru, na gari likasema halisogei mpaka lijaze. Nikashuka kunyoosha miguu. Vitunguu kutoka mbali, mchele kutoka mbali zaidi, viazi vya watu nisiowajua, na ndizi zetu wenyewe zinapakiwa kwenda kwa watu wasiotujua. Niliona mkungu ambao naapa umetoka kwa shemeji yangu Anaeli, umenipa mgongo, unakwenda Dar bila hata kuaga.

Mama mmoja mfanyabiashara akaona kikapu changu. Macho ya wafanyabiashara wa Tengeru yanapenya ukili. "Bibi, hayo maharage yana ngozi nzuri! Niletee hapa." Mkono wake ukaenda kwenye kifuniko, ukakutana na jani la sale. Ukarudi wenyewe, kama uliogusa sufuria ya moto.

"Samahani bibi. Sikuona."

"Hujakosa, mwanangu."

"Yanakwenda wapi?"

"Kwa binti yangu, nyuma ya mlima."

"Basi nenda nayo salama. Usisimame simame."

Nilitembea kifua mbele. Nikajisemea, tazama nguvu ya jani moja. Nikapanda gari nikiwa mjinga mwenye furaha.

Hotelini

Hoteli ya Eliya ina mlango unaojifungua wenyewe, ukiuendea unakukimbia. Mlinzi akataka kikapu kipite kwenye mashine. Akauliza, "Ndani kuna nini mama?" Nikamwambia, "Kuna mwaka mzima." Akakipitisha. Binti wa mapokezi, shikamoo yake ya haraka haraka, akataka kukifunga namba na kukiweka pamoja na mabegi. Nikamwambia chakula hakilali na soksi za wanaume. Nikazunguka nyuma nikatafuta jikoni, kama mtu yeyote mwenye malezi.

Huko nikamkuta mpishi mkuu, mama wa Tanga, mnene kiasi, sauti laini ya kukulaza usingizi. Juu ya meza ndefu palikuwa na vikapu vingine: magimbi, viazi vikuu, ndizi mshare, mboga. Nikadhani na wenyewe ni wasafiri kama mimi.

"Karibu bibi yangu! Na wewe umetuletea?"

"Pokea, mwanangu."

"Mungu akubariki kwa moyo huo."

Nikaona ananibariki kwa safari. Nikatua kikapu, jani likiwa juu, la kijani, fundo limekaza. Nikanyamaza kama nilivyofunzwa. Nikatoka.

Ukumbini baridi ilikuwa ya kuhifadhia nyama. Tuliwekwa wakulima mstari wa mbele, tukapewa maji ya chupa na mfuko wa zawadi: kofia, kalamu, na pakiti ndogo ya mahindi ya mbegu, yamepakwa dawa nyekundu nyekundu kama kucha za bibi harusi. Nikamwambia mwenzangu, "Haya hata ukiyapika, mwaka huo huo unazikwa." Tukacheka, tukayatia mfukoni pamoja na kofia.

Dada mmoja wa miwani, mpole, mwenye elimu ya kutosha kijiji kizima, akaonyesha ramani ukutani. Nchi zote za upande wetu huu zimepakwa rangi. Nyekundu ni njaa, njano ni njaa iko mlangoni, kijani ni salama. Nikatafuta mlima wetu. Ulikuwa mdogo kama punje ya ulezi, na wote ni kijani, mbele na nyuma. Kwa hiyo Nembris alikuwa ameshinda na njaa mwaka mzima ndani ya kijani bila habari. Yule dada hakuwa mwongo, mnisikie vizuri. Kutoka mbali hivyo hata mimi nisingemwona Nembris. Alisema kwa uchungu wa kweli kwamba kaya nyingi zinakula mbegu zao wenyewe, na mtu akila mbegu amekula kesho yake. Nikatikisa kichwa kwa nguvu. Nikapiga makofi.

Kisha tukaitwa chakula cha mchana.

Meza imepambwa. Katikati kuna glasi yenye waridi, za shina refu hizi, zilizofaulu. Na katikati ya waridi limesimama jani la sale. Fundo bado liko.

Nilisimama pale, sahani mkononi. Macho yakakimbia kwenye sinia kabla yangu. Magimbi. Ndizi. Viazi vikuu. Na sinia la mwisho, limejaa, mchuzi mweupe mzito wa nazi, na ndani yake madoa mekundu.

Kumbe wakulima wote waliagizwa walete chakula cha asili kipikwe siku ile ili wakubwa waonje. Eliya alisahau kuniambia. Mama wa Tanga hakuwa na kosa hata chembe: kila kikapu kilichoingia jikoni kilikuwa cha kupika, na kwao Tanga jani ni jani. Alifikiri nimefunga ua kwa upendo. Alinifuata mwenyewe mezani, ananitilia kijiko baada ya kijiko. "Kula bibi yangu, mali yako hii. Nimeyatilia tui zito. Yameiva upesi, hayana hata mdudu!"

Ningesema nini? Aniambie anayeijua adabu: mwenyeji amepika ulichomletea, amekutilia kwa mkono wake, mbele ya watu. Unalia? Nilikaa. Nikala. Nikasema, "Tamu." Na wenzangu, nitawaficha nini, yalikuwa matamu. Hicho ndicho kilichonikasirisha kuliko vyote. Nimelima maharage yale tangu ni bibi harusi na sikuwahi kujua nazi inayafanya nini.

Meza yote ilisifu. Bwana mmoja aliongeza mara mbili akasema aina kama hii inafaa kuhifadhiwa. Eliya akaja nyuma yangu na sahani yake imejaa, anatafuna.

"Bibi, haya maharage si kama yale ya kwako?"

"Ni yale yale."

"Kumbe ulileta na mengine? Ya Mama mdogo Nembris yako wapi?"

Nikaangalia sahani yake. Akaangalia sahani yake. Akaacha kutafuna.

"Meza," nikamwambia. "Ukitema utatuaibisha."

Mchana wakauliza wakulima changamoto. Mmoja akasema ukame, mwingine akasema barabara, mwingine masoko. Dada wa miwani akanigeukia kwa heshima: "Na mama yetu, kwako wewe changamoto kubwa ni nini?"

Nikasimama. Nikasema, "Wageni." Nikakaa.

Ukumbi ukacheka vizuri sana. Yule dada naye akacheka, lakini akaandika ubaoni. Likakaa hapo, wageni, kati ya barabara na masoko, na kwa ninavyojua bado wanalijadili.

Kijenge

Eliya alitaka kunipeleka kwake, anajipiga paji la uso kila hatua. Nilikataa. Nikaenda Kijenge, pale pale mjini, kwa Mama Aika, Mchaga wa duka, rafiki yangu tangu tulipokuwa tunauza maziwa pamoja. Nilitaka mtu wa kunicheka kwa haki. Akanikaribisha sebuleni, akanipa mtori wa ndizi na nyama, nikamsimulia. Hakungoja nimalize.

"Wewe Mmeru! Umekula mbegu za mwanao na nazi?"

"Nimekula."

"Ukaongeza?"

"Walinitilia!"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Wateja dukani wakachungulia. Mimi nikaanza kucheka naye, halafu katikati ya kicheko nikajikuta nalia, hivyo tu, kama mtoto. Kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha Oldonyo Sambu saa ile ile, na mimi nilikuwa na kofia na kalamu.

Mama Aika akajifuta macho. Akanishika mkono, "Inuka mzee mwenzangu," akanipeleka nyuma ya nyumba.

Mnakumbuka ninavyokidharau kilimo cha Mama Aika? Miaka yote nimekiita shamba la kamba: mchicha kwenye viroba, vitunguu kwenye ndoo mbovu, vitu vinatambaa kwenye waya wa uzio kama nguo zilizoanikwa. Nilikuwa namwambia, "Ninyi watu wa mjini mnalima picha." Sasa akanyoosha kidole kwenye uzio. Kulikuwa na mashina yamekauka, na maganda yamekauka juu yake, yananing'inia, ya kahawia. Akavunja moja, akalifungua kwenye kiganja.

Madoa mekundu.

"Aika alipozaliwa ulikuja kunitazama na maharage," akasema. "Umesahau? Uliniletea chungu kizima. Nikapika, nikabakisha ya mkono mmoja, nikasema ngoja nione kama yatakubali Kijenge. Yamekubali. Kila mwaka yanajiotea hapa, nikipata nafasi nayala, nisipopata yanakauka."

Aika mwenyewe sasa ana mtoto. Maharage yangu yalikuwa yamekaa mjini muda huo wote bila kunisalimia.

Asubuhi tukakaa kibarazani tukapukuchua. Hayakujaa kikapu. Yalifika nusu, kasoro. Nikauliza pa kupata jani la sale, Mama Aika akanitazama kwa jicho la Kichaga.

"Bado unataka jani? Andika, shoga. Andika kwa herufi kubwa."

Kupanda Oldonyo Sambu

Gari la Eliya halikupatikana. Mradi ulikuwa na semina nyingine. Nikapanda lori la majani. Hamjawahi kuyaona? Yanatoka kwetu kila siku, yamejaa mabua ya mahindi na migomba iliyokatwakatwa, yanapeleka chakula cha ng'ombe upande mkavu. Nyanya hazizunguki mlima, lakini mabua yanazunguka. Ng'ombe wa Oldonyo Sambu wamejipanga kuliko sisi, na hawajaketi semina hata moja.

Dereva, Mwarusha mwenye maneno mengi, akaniuliza kikapu kina nini. Nikamjibu kwa sauti, "Mbegu! Haiguswi!" Akashtuka. "Yesu, bibi, nimeuliza tu." Tukaharibikiwa na tairi mara tulipopita Ngaramtoni, tukakaa kivulini mwa lori, ng'ombe wa watu wanakuja kuiba mabua nyuma, dereva anawafukuza kwa wimbo wa kanisani. Nilikuwa naangalia ardhi. Bado nyeusi. Pembeni imeanza kupauka, kama midomo ya mgonjwa.

Jioni nikafika. Mama mkwe wa Nembris alikuwa mlangoni. Sisi wawili tunaitana Paker, kwa ajili ya kondoo tuliopewa siku ya harusi; ndiyo desturi yao. Ni mwanamke mrefu, ana kiburi, tunafanana. Nembris akaja mbio kunipokea kikapu, nami, mimi niliyelelewa na mama yangu na mama mkwe wangu, nikakikumbatia nikapaza sauti uani mwa watu:

"Hii ni mbegu! Haipikwi! Asiipike mtu!"

Kuku walikimbia. Nembris akafunika uso. Paker akajivuta mpaka akawa mrefu zaidi.

"Paker, umezunguka mlima kuja kutuita walafi?"

"Niite mtovu wa adabu, Paker. Nimekubali. Lakini haipikwi."

Nikamsimulia. Kwenye nazi alinizuia, akataka nirudie. Kwenye jani kusimama na waridi alikaa chini. Mwishowe akasema, "Ningekuwa mimi nami ningekula," na nikajua tumepatana. Akapiga makofi, akaamuru mgeni aletewe chakula.

Loshoro ikaja, nzito, mahindi makubwa yamezama kwenye maziwa ya mgando. Nilikuwa sijala tangu mtori wa Mama Aika. Nilikula bakuli la kwanza kwa njaa na la pili kwa heshima. Watoto walisimama wananiangalia ninavyotafuna, wakafukuzwa. Nikashiba, nikaegemea, nikainua macho kumshukuru Mungu, na macho yakapita kwenye boriti juu ya moshi.

Kulikuwa na kamba. Kamba za maganda, mbili mbili, kama yanavyofungwa mahindi ya mbegu. Zilikuwa zimefungwa vizuri. Hazikuwa na hindi hata moja.

"Nembris," nikasema. "Mahindi ya mbegu yako wapi?"

Nembris akaangalia bakuli langu.

"Mama, ulipiga simu unakuja," akasema polepole. "Ndani hapakuwa na kingine."

"Mimi ndiye niliyeamuru," akasema Paker, kidevu juu. "Mama wa mwanamke wa mwanangu hali uji kwangu."

Hapakuwa na wa kumlaumu. Ningekuwa mimi ningeyashusha mahindi yale kwa mkono wangu. Nilikaa na maziwa mdomoni, nikaliona lile neno langu ubaoni kati ya barabara na masoko, limeandikwa vizuri, na mwenye jina hilo ndiye mimi.

Halafu nikakumbuka mfuko. Nikatoa kofia, nikatoa kalamu, nikatoa ile pakiti. Paker akaichana, akamwaga kiganjani, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Haya yamepakwa nini?"

"Dawa. Hayaliki. Hata kuku hawali."

Akayageuza geuza, mekundu yale, na kwa mara ya kwanza toka tujuane nikaona Paker anakubali kitu.

"Watu hawa," akasema, "wanatufahamu."

Tulipanda asubuhi yake, udongo bado unashika vidole: mahindi ya hoteli na maharage ya Kijenge, shimo moja.

Nyumbani

Jana Nembris amepiga simu. Maharage yameota na yameanza kutafuta cha kukwea. Mahindi yale mekundu yameota, si yote, lakini yanatosha kuyapa maharage mgongo. Watoto wanayalinda dhidi ya mbuzi wakiwa wamevaa kofia ya semina kwa zamu. Paker anasalimia, anauliza nitakwenda lini kuwaona. Nimemwambia nitakwenda nikishapata habari kwamba wamevuna, wamechagua mbegu, na wameificha mahali ambapo mimi sipajui.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Anayetaka kuuliza zaidi, mlango wangu uko wazi, karibu sana. Aje ameshakula.